Sayari kubwa kando ya nyota zilizozeeka: tunajuaje kwamba si nyota yenyewe inayopumua?

Swali la msomaji: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari wilayani Kondoa. Nilipokuwa nikifundisha mada ya elimu ya anga, niliwaeleza wanafunzi kwamba nyota inapozeeka huvimba na inaweza kuzimeza sayari zake, Jua letu likiwemo. Binti mmoja akaniuliza: kama ni hivyo, mbona tunasikia kwamba sayari kubwa zinagunduliwa zikizunguka nyota ambazo tayari zimezeeka? Tena, kama nyota ya namna hiyo huvimba na kutikisika, wanajuaje kwamba wanachokipima ni sayari na si nyota yenyewe? Sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Mfikishie binti huyo salamu zangu, kwa sababu swali lake la pili limewashughulisha wanafalaki kwa zaidi ya miaka thelathini na halijaisha mpaka leo. La kwanza nitalijibu kwa ufupi, la pili nitalipa nafasi kubwa.

Tuanze na uzee wenyewe. Nyota hutumia sehemu kubwa ya umri wake ikiunganisha viini vya hidrojeni kuwa heli katika kitovu chake. Jua limekuwa katika kazi hiyo kwa miaka bilioni 4.6 na limebakiwa na karibu miaka bilioni 5. Hidrojeni ya kitovu ikiisha, kitovu husinyaa na kuzidi joto, muungano wa viini huhamia kwenye gamba linalokizunguka, na tabaka za nje hutanuka huku zikipoa. Nyota hupita kwanza katika hatua ya kati, ambayo hapa nitaiita nusu-jitu, kisha huwa jitu jekundu lenye upana wa mara kumi, mara hamsini, hata zaidi ya mara mia mbili ya upana wa Jua. Jambo ambalo mara nyingi halitajwi darasani ni kwamba, baada ya kufika kilele hicho, heli ya kitovu nayo huanza kuungana, na nyota hunywea tena na kutulia kwa muda mrefu ikiwa na upana wa mara kumi hivi wa Jua. Kwa hiyo ukiona jitu lenye upana huo angani, huwezi kujua kwa macho kama linapanda kuelekea kilele au limekwisha kupanda na kushuka, na tofauti hiyo, kama nitakavyoonyesha, ina uzito mkubwa kwa sayari iliyo jirani.

Kwa nini basi sayari hazimezwi zote? Jibu ni umbali. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2008 na Schröder na Smith zinaonyesha kwamba Jua, miaka bilioni 7.6 kuanzia sasa, litafikia nusu kipenyo cha mara 256 ya cha leo, ambacho ni kikubwa kidogo kuliko umbali uliopo leo kati ya Dunia na Jua. Utaridi na Zuhura zitamezwa, na kwa hesabu hizo hata Dunia haitaokoka, kwa kuwa mvutano wa kujaa na kupwa, uleule unaoinua maji ya bahari pale Dar es Salaam, utaiburuta ndani. Mshtarii, iliyo mbali mara tano zaidi, itabaki. Sayari kubwa zinazogunduliwa kando ya majitu mekundu nyingi ni za namna hiyo: mwaka wake una siku mia kadhaa au zaidi, na ziko mbali vya kutosha na uso wa nyota yake ya leo. Zipo pia zilizo karibu sana na nyota ambazo zimeanza tu kuvimba, na hizo bado hazijafikiwa na zamu yake.

Mfano mmoja wa kundi hili la pili ni wetu sisi Watanzania. Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Falaki uliyaalika mataifa zaidi ya mia moja kuipa kila moja jina nyota moja na sayari yake, na Tanzania ikapewa nyota iliyokuwa ikijulikana kwa namba ya WASP-71. Nyota hiyo sasa inaitwa Mpingo, na sayari yake inaitwa Tanzanite. Iligunduliwa na mradi wa WASP, uliokuwa na kamera zake Afrika Kusini na katika visiwa vya Canary, na makala yake ikachapishwa mwaka 2013. Mpingo ina tungamo la mara 1.56 ya Jua lakini nusu kipenyo chake ni mara 2.26, na wagunduzi waliieleza waziwazi kuwa ni nyota iliyokwisha kusogea katika uzee. Tanzanite ina tungamo la mara 2.24 ya Mshtarii, nusu kipenyo cha mara 1.46 ya Mshtarii, na huizunguka nyota yake kila baada ya siku 2.9. Unaposema na wanafunzi wako juu ya sayari kubwa na nyota zinazozeeka, basi, unasema juu ya kitu chenye jina la mti na la jiwe wanalolifahamu.

Huenda ukauliza kwa nini watafiti waende kutafuta sayari kwenye nyota zilizochoka ilhali zipo nyota nyingi zenye utulivu. Sababu ni nyota nzito. Nyota yenye tungamo la mara mbili ya Jua, ikiwa katika utu uzima wake, ina joto kali, spektra yake, yaani mwanga wake ukitandazwa kwa rangi, ina mistari michache, na mara nyingi hujizungusha kwa kasi ya zaidi ya kilomita mia moja kwa sekunde, jambo linaloipanua mistari hiyo michache na kuifanya isisomeke kwa usahihi. Nyota hiyohiyo ikishazeeka hutanuka, hupoa na kupunguza mzunguko wake, na spektra yake hujaa mistari myembamba kwa maelfu. Kwa maneno mengine, nyota nzito haitupi nafasi ya kuipima vizuri mpaka izeeke. Kama tunataka kujua iwapo nyota nzito huzaa sayari, na za ukubwa gani, tunalazimika kuwauliza wazee.

Mistari hiyo husomwa kwa athari ya Doppler. Wanafunzi wako wanaifahamu bila kuijua jina: basi linapopita kwa mwendo kwenye barabara ya Dodoma na Babati likipiga honi, sauti huwa nyembamba likija na nzito likienda. Mwanga nao husogea kidogo kuelekea buluu chanzo chake kikitujia na kuelekea nyekundu kikitukimbia. Sayari haizunguki nyota iliyosimama. Vyote viwili huzunguka kitovu kimoja cha uzito, na kwa hiyo nyota huja na kurudi kwa kipindi kilekile cha sayari. Mshtarii hulifanya Jua lije na kurudi kwa kasi ya meta 12.5 kwa sekunde, karibu mwendo wa pikipiki iliyo barabarani, katika kipindi cha karibu miaka 12. Kipimo hiki peke yake hutupa tungamo la chini kabisa ambalo sayari inaweza kuwa nalo, kwa kuwa hatujui obiti imelala kwa pembe gani mbele yetu. Tungamo lenyewe linaweza kuwa kubwa zaidi.

Tabu inaanzia hapo. Jitu jekundu halitulii. Uso wake hupanda na kushuka kwa meta 10, 20 na zaidi kwa sekunde katika muda wa saa kadhaa, kwa sababu ya mawimbi ya sauti yanayozunguka ndani yake. Mtikisiko huo wa saa chache ukipimwa mara nyingi hujifuta wenyewe katika wastani, na hauwezi kuchanganywa na mwaka wa sayari. Hatari ni mabadiliko ya polepole, ya siku mia tano, mia sita au mia saba. Jitu hujizungusha polepole, mara nyingi kwa mamia ya siku, na doa kubwa la sumaku usoni mwake likipita upande wetu na kupotea, kisha kurudi, huipotosha mistari ya spektra kwa kipindi cha mamia ya siku. Yapo pia mawazo kwamba nyota zenye mwanga mkubwa zaidi zina namna yake ya kutikisika kwa muda mrefu kiasi hicho. Bahati mbaya ni kwamba miezi hiyohiyo ndiyo mwaka wa sayari iliyo kwenye umbali salama kutoka kwa jitu.

Nitakupa visa viwili, na nakuomba uvisome pamoja.

Mwaka 1988, miaka saba kabla ya sayari ya 51 Pegasi, ya kwanza kugunduliwa kando ya nyota inayofanana na Jua, kuleta gumzo duniani kote, Campbell, Walker na Yang walitoa vipimo vilivyoonyesha kwamba nyota iitwayo Gamma Cephei huenda ina mwenza mdogo. Nyota hiyo ni ya njano-nyekundu, iko kati ya nusu-jitu na jitu. Mwaka 1992, baada ya vipimo zaidi, kundi hilo lilirudi nyuma: waliona dalili kwamba shughuli za uso wa nyota nazo zilibadilika kwa kipindi kama hicho cha miaka miwili na nusu, wakaandika kwamba huenda ni mzunguko wa nyota yenyewe. Ilipofika mwaka 2003, Artie Hatzes na wenzake walikusanya vipimo vya zaidi ya miaka ishirini na kukuta kwamba mawimbi yale ya kasi, yaani kuja na kurudi kwa nyota, yalikuwa yakiendelea bila kubadilika kasi wala mapigo, wakati dalili za uso wa nyota hazikuendana nayo. Sayari ilikuwepo tangu mwanzo. Wale wa kwanza walikuwa na haki ya kusita, na sidhani kuwa mtu anaweza kuwalaumu, lakini kusita huko kuliwagharimu ugunduzi wa kihistoria.

Kisa cha pili ni kinyume chake. Nyota Gamma Draconis ni jitu lililo umbali wa takribani miaka-nuru 154. Tangu mwaka 2003 hadi 2011 ilionyesha mawimbi safi ya siku 702, yenye kila sifa ya sayari nzito zaidi ya Mshtarii mara kumi. Mtafiti mwenye haraka angetangaza. Hatzes, yuleyule wa Gamma Cephei, na wenzake waliendelea kupima. Kati ya mwaka 2011 na 2013 mawimbi yale yakafifia karibu kutoweka, na mwaka 2014 yakarudi kwa ukubwa uleule lakini hayakuwa tena katika hatua yaliyopaswa kuwa nayo. Sayari haiwezi kufanya hivyo; haiondoki kwenye obiti yake miaka miwili ikarudi. Makala ya mwaka 2018 ilieleza kwamba kinachobadilika ni nyota yenyewe, na kwamba kama wangesimama mwaka 2011 wangekuwa wametangaza sayari isiyokuwepo. Kisa hicho kiliwafanya wengi wafungue upya mafaili ya zamani. Aldebaran, ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa na sayari yenye kipindi cha siku 629, ilitiwa shaka mwaka 2019 na watafiti waliochunguza vipimo vingi zaidi, na 42 Draconis nayo ikaondolewa imani kwa njia hiyo.

Aldebaran mnaiona nyote bila darubini. Mtafute Kilimia, kile ambacho wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota nyekundu inayong'aa inayokifuata nyuma kikipanda mashariki ndiyo Aldebaran. Kando yake lipo kundi lenye umbo la herufi V, na mojawapo ya nyota za kundi hilo, Epsilon Tauri, ni jitu lenye tungamo la karibu mara 2.7 ya Jua ambalo Bun'ei Sato na wenzake, kwa darubini ya Okayama nchini Japani, walitangaza mwaka 2007 kuwa lina sayari yenye mwaka wa siku karibu 595.

Wanatofautishaje basi? Kipimo cha kwanza ni muda. Mawimbi ya sayari hutunza hatua yake miaka nenda miaka rudi, na kwa hiyo hukumu ya haki huhitaji kupita vipindi vingi, si viwili au vitatu. Cha pili ni umbo la mistari ya spektra: sayari husogeza mstari mzima kama mtu anayesukuma benchi, ilhali doa hupindisha upande mmoja wa mstari na kuuacha mwingine. Cha tatu ni mwangaza na dalili za sumaku, hasa mistari ya kalsi: vikibadilika kwa kipindi kilekile cha mawimbi, mshukiwa ni nyota. Cha nne, ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kwa usafi wa hoja yake, ni kupima kwa mwanga wa kawaida na kwa mwanga wa infraredi kwa wakati mmoja au unaokaribiana. Doa ni sehemu iliyopoa kuliko uso unaolizunguka, na tofauti hiyo hupungua sana katika infraredi, kwa hiyo kasi ya uongo iliyosababishwa na doa hutofautiana kati ya mianga hiyo miwili. Sayari huvuta nyota nzima, na kasi inakuwa ileile kwa mwanga wowote.

Hata vipimo hivyo vyote vikipita, shaka haiondoki kabisa. Pollux ni jitu la jirani, umbali wa miaka-nuru 34, na unaweza kuwaonyesha wanafunzi wako mwezi Februari mnamo saa 4 usiku wakielekea kaskazini, kama mawingu ya mvua yataruhusu. Mabadiliko ya kasi yake yaliripotiwa na Hatzes na Cochran mwaka 1993, na mwaka 2006 makundi mawili tofauti, likiwemo la Sabine Reffert, yalitangaza sayari yenye tungamo la chini la zaidi ya mara mbili ya Mshtarii na mwaka wa siku karibu 590. Vipimo vilivyotumika vilifikia miaka ishirini na tano. Lakini mwaka 2021 watafiti waliopima sumaku dhaifu ya Pollux walipata kwamba nyota hiyo huenda hujizungusha kwa siku karibu 660, idadi ambayo si mbali na 590 kiasi cha kumfanya mtu alale kwa amani. Kwa maoni yangu sayari ya Pollux ipo, kwa sababu kipindi chake kimekaa imara kwa muda mrefu kuliko ninavyotarajia kutoka kwa doa lolote. Lakini ningewaambia wanafunzi kwamba ni maoni yenye hoja nyuma yake, na si ukweli uliokwisha kufungwa.

Njia ya pili ya kugundua ni sayari kupita mbele ya nyota yake na kuukata mwanga kidogo, na kwa majitu njia hii ni ngumu kwa sababu rahisi ya ukubwa. Weka punje ya mtama juu ya kizibo cha soda: hapo una Mshtarii mbele ya Jua, na inaziba karibu sehemu moja ya mia. Sasa iweke punje hiyohiyo juu ya ungo mzima. Hapo una Mshtarii mbele ya jitu lenye upana wa mara kumi wa Jua, na mwanga unaokatwa ni sehemu moja ya elfu kumi, wakati uso wa jitu unachemka na kubadilika kwa kiasi kama hicho au zaidi. Darubini za ardhini hazifikii usahihi huo kwa urahisi. Ndiyo maana sayari nyingi za aina hii zimepatikana kwa vyombo vya angani, Kepler na baadaye TESS iliyorushwa mwezi Aprili mwaka 2018. Faida yake ni kwamba sayari inayopita mbele ya nyota hutupa nusu kipenyo, na kwa kuunganisha na kasi ya Doppler tunapata msongamano wake, na hapo ndipo tunapoanza kuijua badala ya kuihesabu tu.

Hapa inabidi nisisitize jambo ambalo wanafunzi hulipita. Kipimo cha mwanga hakitoi ukubwa wa sayari. Hutoa ukubwa wa sayari ukilinganishwa na wa nyota. Kipimo cha Doppler hakitoi tungamo la sayari mpaka ujue tungamo la nyota. Ukikosea nyota, umekosea sayari kwa kiasi hicho. Na majitu ni magumu kuyapima, kwa sababu nyota za matungamo tofauti sana, zinapozeeka, hukusanyika katika eneo moja la joto na mwangaza na kufanana kama watu waliovaa sare. Tangu mwaka 2011 uliendelea mjadala mkali, ulioanzishwa na James Lloyd, kuhusu iwapo nyota zilizodhaniwa kuwa nzito kati ya nusu-majitu kweli ni nzito au ni nyota za kawaida zilizokadiriwa vibaya.

Mwamuzi wa mjadala huo alitoka ndani ya nyota zenyewe. Ile mitikisiko ya saa chache niliyoiita kero ndiyo iliyogeuka kuwa kipimo. Wanawake wa Kigogo wanapopiga muheme, mwenye sikio hutambua ngoma kubwa na ndogo bila kuziangalia, kwa kuwa kubwa hutoa sauti nzito. Jua hutetemeka kwa mapigo ya dakika 5 hivi. Jitu hutetemeka kwa mapigo ya saa kadhaa. Kwa kupima pigo kuu na nafasi iliyo kati ya pigo na pigo, tunapata msongamano wa nyota na mvutano wa usoni mwake, na kutokana na hivyo viwili tungamo na nusu kipenyo. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba baadhi ya matungamo ya zamani yalikuwa yamezidishwa, ingawa si kwa kiasi ambacho wakosoaji wakali walikihofia. Nyota ya kwanza ambayo TESS iliipima kwa mitetemo huku sayari yake ikipita mbele yake ni TOI-197, nusu-jitu lenye umri wa karibu miaka bilioni 5, na sayari yake yenye ukubwa unaokaribia wa Zohali ilipimwa mwaka 2019 kuwa na tungamo la takribani mara 60 ya Dunia.

Mitetemo hutofautisha pia jitu linalopanda na lile lililokwisha kushuka, tofauti niliyoitaja mwanzoni, na hapa swali la kwanza la binti linarudi kwa nguvu mpya. Nyota 8 Ursae Minoris, iliyopewa jina la Baekdu, ina sayari iitwayo Halla inayoizunguka kila siku 93 katika umbali wa chini kidogo ya nusu ya ule wa Dunia na Jua. Mwaka 2023 Marc Hon na wenzake walionyesha, kwa mitetemo iliyopimwa na TESS, kwamba nyota hiyo inaunganisha heli katika kitovu chake, maana yake ilikwisha kufika kilele cha kuvimba, ambapo uso wake ungefikia mara 0.7 ya umbali wa Dunia na Jua. Halla ilipaswa kuwa ndani ya nyota. Bado ipo. Maelezo mojawapo waliyoyatoa ni kwamba Baekdu ilitokana na nyota mbili zilizoungana, na muungano huo ukazuia uvimbe usifike kiwango cha kawaida; jingine ni kwamba sayari ilizaliwa baadaye kutokana na mabaki ya muungano huo. Kwa hiyo mwambie binti kwamba hata kanuni ya "nyota huvimba na kumeza" ina wanaoikwepa.

Wasiokwepa nao wameonekana. Mwaka 2023 Kishalay De na wenzake walichapisha habari za tukio la ZTF SLRN-2020, ambapo nyota iliyo umbali wa takribani miaka-nuru 12,000 iliongezeka mwangaza mara mia hivi katika siku kumi, kisha ikafifia ikiacha vumbi la baridi, dalili za nyota iliyomeza sayari.

Kwa ujumla wa sayari hizi tumejifunza mambo kadhaa ambayo nyota changa zisingeweza kutufundisha. Uchunguzi wa majitu 373 uliofanywa katika kituo cha Lick, Marekani, na kuchambuliwa na Reffert na wenzake mwaka 2015, ulionyesha kwamba sayari kubwa hupatikana kwa wingi zaidi kwenye nyota zenye tungamo la karibu mara 1.9 ya Jua, kisha idadi huporomoka. Juu ya mara 2.7 hawakupata hata moja. Inaonekana nyota nzito mno huliteketeza diski la gesi linalozaa sayari kabla sayari kubwa hazijakamilika. Pia sayari ni adimu sana karibu na majitu mazito, na hapo bado watu hawakubaliani kama zilimezwa au hazikuwahi kuwepo. Jingine ni kwamba sayari za gesi zilizo karibu zinaweza kuvimba upya: K2-97b na K2-132b, zilizochunguzwa na Samuel Grunblatt, zina tungamo la karibu nusu ya Mshtarii lakini upana wa mara 1.3 ya Mshtarii, na huenda ni joto jipya la nyota inayozeeka lililozitanua.

Narudi kwa Mpingo, kwa sababu nataka wanafunzi wako waipigie hesabu wenyewe. Chukua kanuni ya tatu ya Kepler, inayounganisha muda wa mzunguko wa sayari na umbali wake. Siku 2.9 ni sehemu 0.00795 ya mwaka. Ipandishe kwenye mraba, zidisha kwa tungamo la nyota, 1.56, kisha tafuta kipeuo cha tatu. Watapata 0.046 ya umbali wa Dunia na Jua. Umbali wa Dunia na Jua una nusu vipenyo vya Jua 215, kwa hiyo Tanzanite iko umbali wa nusu vipenyo vya Jua 9.9 kutoka kwenye kitovu cha Mpingo, ambayo yenyewe tayari ina 2.26. Nusu kipenyo cha Pollux ni karibu 9. Mpingo ikifikia tu upana ambao Pollux inao leo, uso wake utakuwa umeigusa Tanzanite au umekaribia kuigusa, na mvutano wa kujaa na kupwa utakuwa umekwisha kuivuta ndani kabla ya hapo.

Kwa sasa sayari hiyo ingali ikipita mbele ya nyota yake kila siku 2.9, ikikata asilimia 0.44 ya mwanga kwa muda wa karibu saa 5. Mpingo ni hafifu mno kwa macho, lakini iko karibu na ikweta ya anga, na kutoka Kondoa au hapa Dodoma hupita karibu na utosi mnamo saa 5 usiku katikati ya Novemba, wakati anga letu kwa kawaida bado halijafunikwa na mvua. Darubini ndogo yenye kamera ya kidijitali na uvumilivu wa usiku mzima vinatosha kuiona nyota. Kuupima mpunguo ule ni kazi ngumu zaidi, lakini wapo wasio wataalamu wanaoifanya kwa nyota za namna hii. Shule yako ikipata darubini ya namna hiyo, niandikie, nami nitakutumia saa za mipito inayoangukia usiku wetu.